Vipimo viwili, majibu mawili: kutatua hitilafu katika upimaji wa gesi za asidi na amonia hewani Dar es Salaam

Vifaa viwili vya kupimia gesi vikifungwa kwenye paa moja na kuendeshwa saa zilezile, mara nyingi hutoa majibu yasiyolingana. Kwa hewa ya Dar es Salaam jambo hili halishangazi. Dioksidi ya salfa hutoka kwenye meli, jenereta na viwanda. Asidi ya nitriki huzaliwa hewani kutokana na oksidi za nitrojeni zinazotolewa na magari. Asidi ya haidrokloriki hutokana na plastiki zinazochomwa majalalani na pia na chumvi ya bahari, ilhali amonia hupanda kutoka dampo la Pugu, vyoo vya shimo, mabanda ya mifugo na machinjio. Asidi na amonia zikikutana hewani hushikamana na kuwa chembe ndogo, na joto likiongezeka sehemu ya chembe hizo hurudi kuwa gesi. Kila njia ya upimaji hukatiza safari hiyo mahali tofauti, ndiyo maana majibu hutofautiana hata pale ambapo hakuna kifaa kilichoharibika.

Kwa sababu hiyo, ninashauri kwa msisitizo kwamba usichukue wastani wa majibu mawili yanayopingana. Wastani huo hubaki na kosa, na zaidi ya hapo hufuta ushahidi ambao ungekuonyesha kosa liko wapi. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na katika kila dalili tunaanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi.

Njia zinazozungumziwa ni tano. Ya kwanza ni chupa ya kimiminika ambamo hewa hupitishwa ikitoa mapovu. Ya pili ni mfululizo wa vichujio vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Ya tatu ni dinuda, yaani mrija wa kioo ambao ukuta wake wa ndani umepakwa kemikali inayonasa gesi huku chembe zikipita moja kwa moja. Ya nne ni kikusanyi tulivu, kisichotumia pampu wala umeme. Ya tano ni mashine zinazosoma mfululizo, pamoja na vihisi vidogo vya bei nafuu.

Dalili: majibu yanatofautiana kwa uwiano uleule kila siku

Tofauti isiyobadilika karibu kila mara ni kosa la hesabu au la ujazo wa hewa, kwa hiyo anza na karatasi kabla ya kugusa kifaa. Gawanya jibu moja kwa lingine, kisha uangalie namba unayoipata. Ikiwa ni karibu 1.5, huenda mtu mmoja ameripoti salfeti iliyopimwa maabara bila kuirudisha kuwa dioksidi ya salfa. Ikiwa ni 2, mmoja ameripoti salfa tupu na mwingine gesi nzima. Kwa amonia, 1.21 huashiria kwamba upande mmoja umeandika nitrojeni badala ya amonia, na kwa asidi ya nitriki kosa hilohilo hutoa 4.5. Uwiano wa 1.09 hutokea pale ambapo mmoja amerejesha ujazo wa hewa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na mwingine ameuacha kwenye nyuzi 25. Kumbuka pia kwamba katika nyuzi 25 na kanieneo ya kawaida, sehemu moja kwa bilioni ya dioksidi ya salfa ni sawa na mikrogramu 2.62 kwa mita ya ujazo, ilhali ya amonia ni mikrogramu 0.70 tu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kwa dioksidi ya salfa, ambacho ni mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, hakiwezi kulinganishwa na chochote hadi vipimo vihamishiwe kwenye kizio hicho.

Hesabu zikiwa sawa, kagua hewa iliyovutwa. Ziba mdomo wa kuingizia hewa huku pampu ikifanya kazi. Mtiririko unapaswa kushuka hadi sifuri, na usiposhuka kuna mahali panapovuja, mara nyingi kwenye pete ya mpira au kwenye kishikio cha kichujio kilichokazwa upande mmoja. Pima mtiririko mwanzoni na mwishoni mwa kila sampuli, ukiweka kipima mtiririko kwenye mdomo wa kuingilia, maana kipima kilichofungwa baada ya kichujio kilichojaa vumbi husoma hewa iliyopungua kanieneo na hivyo hudanganya.

Dalili: tofauti hujitokeza siku za umeme kukatika

Sababu ya kawaida ni saa. Pampu husimama, lakini mpimaji huhesabu tangu alipowasha hadi alipozima. Umeme ukikosekana kwa saa 3 kati ya 24, ujazo wa hewa hukuzwa na jibu hushuka kwa asilimia 12.5. Kikusanyi tulivu kilicho pembeni hakijui kwamba umeme umekatika, kwa hiyo chenyewe huendelea kukusanya, na tofauti huanzia hapo. Funga kihesabu saa kinachotembea pamoja na pampu, au mita ya gesi inayojumlisha ujazo halisi.

Sababu ya pili ni jenereta yenyewe. Jengo likiwasha jenereta ya dizeli na bomba lake la moshi likawa upande unakotoka upepo, utapima moshi wa jengo na si hewa ya mtaa. Kwa kipimo cha hewa ya jumla hakuna marekebisho ya hesabu yanayoweza kuokoa saa hizo. Ziwekee alama na uziache nje ya ulinganisho.

Dalili: chupa ya kimiminika inaonyesha asidi kidogo mno, au haionyeshi kabisa

Dalili hii huwachanganya wengi karibu na madampo, mabanda na machinjio. Katika njia ya zamani, dioksidi ya salfa hupitishwa katika haidrojeni peroksaidi iliyozimuliwa, ambako hugeuka kuwa asidi ya salfuriki, kisha asidi hiyo hupimwa kwa kudondoshea alkali hadi rangi ya kiashiria ibadilike. Njia hiyo haimtambui mtoa asidi, bali huhesabu asidi iliyobaki baada ya kila kitu kilichoingia kwenye chupa kumaliza kazi yake. Amonia nayo huingia na kuipunguza. Kwa hesabu ya kemia, mikrogramu 17 za amonia huficha mikrogramu 32 za dioksidi ya salfa, hivyo hewa yenye mikrogramu 10 za amonia kwa mita ya ujazo inaweza kufuta takriban mikrogramu 19 za dioksidi ya salfa kwenye daftari lako. Mahali penye moshi wa plastiki kosa hugeuka upande wa pili, kwani asidi ya haidrokloriki huhesabiwa kana kwamba ni dioksidi ya salfa.

Ukaguzi rahisi ni kuchukua sehemu ya kimiminika kilekile na kupima salfeti na amoniamu (umbo ambalo amonia huchukua ikiyeyuka kwenye maji yenye asidi) kwa kromatografia ya ioni, njia ya maabara inayotenganisha chumvi zilizoyeyuka na kupima kila moja peke yake. Salfeti ikiwa nyingi huku asidi ikiwa ndogo, umepata jibu. Suluhisho ni kuacha kutumia kipimo cha asidi ya jumla mahali hapo na kupima salfeti yenyewe. Kuongeza muda wa kukusanya hakusaidii, kwa sababu amonia nayo huongezeka.

Kabla ya kulaumu amonia, hata hivyo, angalia kimo cha kimiminika. Katika joto letu maji hupungua haraka hewa inapopita, na kimiminika kikishuka chini ya ncha ya mrija gesi hupita bila kunaswa. Weka alama ya kimo kwenye chupa na ujazie maji yaliyokenekwa kabla ya kupima. Iwapo kituo chako bado kina kemikali ya zamani yenye zebaki iliyotumika kunasa dioksidi ya salfa, usiimwage kwenye sinki wala shimoni. Ihifadhi ikiwa imefungwa, na uwasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kuhusu namna ya kuiondoa.

Dalili: vichujio vinaonyesha asidi ya nitriki nyingi kuliko dinuda, hasa mchana

Hapa ndipo ulinganisho wa njia unapohitaji uangalifu mkubwa kuliko mahali pengine pote.

Katika mfululizo wa vichujio, hewa hukutana kwanza na kichujio cha Teflon kinachozuia chembe, kisha cha nailoni kinachonasa asidi ya nitriki, halafu vilivyolowekwa kemikali kwa ajili ya dioksidi ya salfa na amonia. Mpangilio huu hudhani kwamba chembe ikishanaswa hukaa hapo ilipo. Nitrati ya amonia, yaani chembe zinazotokana na asidi ya nitriki na amonia kushikamana, haikai. Joto likipanda huachana na kuwa asidi ya nitriki na amonia, na gesi hizo huchukuliwa na hewa hadi kwenye vichujio vya nyuma, ambako huhesabiwa kana kwamba ziliingia zikiwa gesi tangu mwanzo. Mikrogramu 10 za nitrati ya amonia zikiachana zote huongeza takriban mikrogramu 7.9 kwenye asidi ya nitriki na 2.1 kwenye amonia. Kichujio kilichofungwa alfajiri chenye ubaridi kikapigwa na jua la saa nane mchana juu ya paa la bati kimewekewa mazingira yote ya kosa hili.

Dinuda hufuata utaratibu wa kinyume, kwani hunasa gesi kwanza na kuacha chembe zipite. Hili linawezekana kwa sababu molekuli ya asidi ya nitriki husambaa hewani zaidi ya mara elfu kumi kuliko chembe yenye kipenyo cha mikromita 0.1, hivyo hugonga ukuta mapema huku chembe ikifuata mkondo wa hewa hadi kwenye kichujio kilicho nyuma. Mara nyingi mirija hupangwa miwili ya kaboneti ya sodiamu kwa ajili ya asidi, kisha mmoja wa asidi ya sitriki kwa ajili ya amonia, na hewa huvutwa kwa takriban lita 10 kwa dakika.

Ukaguzi wa kwanza ni wa kujumlisha. Kwa kila njia, jumlisha nitrati yote, ya gesi pamoja na ya chembe, kisha ulinganishe jumla hizo mbili. Jumla zikikubaliana huku mgawanyo ukitofautiana, vifaa vyako ni vizima na kilichotokea ni kuhama kwa nitrati kutoka kwenye chembe kwenda kwenye gesi. Katika hali hiyo amini mgawanyo wa dinuda, na uitumie namba ya vichujio kama jumla tu, ambayo kwa kazi nyingi ni namba nzuri na ya gharama nafuu. Jumla zisipokubaliana, kuhama si maelezo ya kutosha, na itakubidi utafute hitilafu kwenye mtiririko, mdomo wa kuingizia hewa au maabara.

Ukaguzi wa pili ni kugawanya siku. Badala ya sampuli moja ya saa 24, kusanya moja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na nyingine usiku. Pengo likiwa kubwa mchana na likakaribia kutoweka usiku, joto ndilo chanzo. Kinga vichujio na jua, lakini usiviweke ndani ya chumba chenye kiyoyozi ilhali hewa inatoka nje, kwa kuwa tofauti ya joto hubadilisha mgawanyo kabla hewa haijafika kwenye kichujio.

Kuna mahali ambapo kosa huelekea upande mwingine. Karibu na ufuo, kuanzia Kigamboni hadi Kunduchi, kichujio cha mbele hujaa chumvi ya bahari. Asidi ya nitriki inayopita juu ya chumvi hiyo hubaki hapo ikiwa nitrati ya sodiamu na kuachilia asidi ya haidrokloriki, kwa hiyo vichujio hupungukiwa na asidi ya nitriki na kuzidisha ya haidrokloriki. Linganisha kloridi na sodiamu kwenye kichujio cha mbele. Katika maji ya bahari kloridi ni takriban mara 1.8 ya sodiamu kwa uzito, na uwiano ukiwa chini sana ya hapo, sehemu ya kloridi imeondoka. Vumbi la barabara na la saruji, ambalo lina alkali, nalo humeza asidi kwa namna hiyo. Kifaa cha kuondoa chembe kubwa mwanzoni mwa mfumo husaidia, mradi ndani kimepakwa Teflon na kinasafishwa mara kwa mara, maana asidi ya nitriki hunata kwenye karibu kila uso, hasa uso wenye vumbi.

Dinuda nayo haijakamilika. Kaboneti hunasa pia sehemu ndogo ya dioksidi ya nitrojeni na kuitunza kama nitriti, na ozoni ya mchana huweza kuigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati, ambayo utaihesabu kama asidi ya nitriki. Ndiyo sababu ya kuweka mirija miwili ya kaboneti: kilichopatikana kwenye wa pili hutolewa kwenye wa kwanza. Tatizo likiendelea, tanguliza mrija uliopakwa kloridi ya sodiamu, unaonasa asidi ya nitriki na kuacha dioksidi ya salfa ipite. Kwa dioksidi ya salfa, ikiwa mrija wa pili una zaidi ya sehemu ya kumi ya kilicho kwenye wa kwanza, ukuta umeshiba, umepakwa vibaya, au hewa inakwenda kasi mno. Hakikisha pia mirija imesimama wima, kwa sababu ikilazwa, chembe nzito huanguka ukutani na kuhesabiwa kama gesi.

Dalili: sampuli tupu ina amonia

Sampuli tupu ni ile inayotayarishwa, kusafirishwa na kufunguliwa kama nyingine, ila haivutiwi hewa. Ikiwa na amonia nyingi, mara nyingi chanzo ni binadamu: jasho la mikono, pumzi, au dawa ya kusafishia sakafu. Vaa glavu, pakia vichujio ndani ya kisanduku safi kilichowekewa karatasi iliyolowekwa asidi ya sitriki, na upige marufuku dawa za kusafishia zenye amonia katika chumba hicho. Chanzo kinachofuata ni usafirishaji, kwa sababu sampuli iliyoachwa kwenye buti la gari katika foleni ya barabara ya Mandela huku kifuniko kikiwa kimelegea huendelea kukusanya. Tumia kisanduku cha barafu, na maabara ihifadhi maji ya sampuli kwenye nyuzi 4, kwani bakteria hula amoniamu.

Chukua sampuli tupu kadhaa katika kila kampeni ya upimaji. Mtawanyiko wake ukizidishwa mara 3 ndio kiwango cha chini unachoweza kudai kwamba umekipima, na namba yoyote iliyo chini ya hapo isiandikwe kama matokeo.

Dalili: maabara inasema amoniamu haisomeki

Kwenye kromatografia ya ioni, amoniamu hutoka mara tu baada ya sodiamu. Sampuli ya pwani yenye chumvi nyingi hutoa kilele kipana cha sodiamu kinachofunika kilele kidogo cha amoniamu. Mwombe fundi wa maabara azimue sampuli au apunguze kasi ya kimiminika kinachobeba sampuli, na ikishindikana apime amoniamu kwa njia ya rangi ya buluu ya indofenoli, ambayo haisumbuliwi na sodiamu kwa namna hiyo. Kwa upande wa asidi, maji yaliyotumika kuosha mirija ya kaboneti yawekewe haidrojeni peroksaidi kidogo kabla ya kupimwa, vinginevyo sehemu ya dioksidi ya salfa hubaki kama salfaiti na hupotea kwenye hesabu ya salfeti.

Dalili: kikusanyi tulivu kinasoma juu kuliko pampu

Kwanza hakikisha vipindi vinafanana, kwa maana kikusanyi kilichokaa wiki mbili hakilinganishwi na siku mbili za pampu. Kisha fikiria upepo. Hesabu ya kikusanyi hudhani kwamba gesi husambaa yenyewe katika urefu wote wa mrija, lakini upepo wa kusi ukiingia mdomoni hufupisha njia hiyo na jibu hupanda. Tumia kikusanyi chenye utando mdomoni, au kiweke ndani ya kikinga kilicho wazi kwa chini.

Kwa amonia, angalia pia kwa macho. Siafu, buibui na kinyesi cha kunguru, ambao mji huu unao kwa wingi, vinaweza kuharibu kipindi kizima. Weka vikusanyi vitatu mahali pamoja, na kimoja kikijitenga na vingine viwili ukiache.

Dalili: mashine au kihisi kinarukaruka, au kinachelewa

Kuchelewa kupanda na kuchelewa kushuka kwa amonia ni dalili ya bomba. Amonia hushika kwenye kuta zenye unyevu na kuachiliwa polepole baadaye, hivyo fupisha bomba, tumia Teflon, badilisha kichujio cha mdomoni, na uondoe sehemu zote za chuma zinazogusa hewa.

Mashine ya dioksidi ya salfa inayotumia mwanga wa urujuanimno inaweza kudanganywa na mvuke wa petroli, kwa hiyo kilele kinachotokea saa za foleni kando ya barabara kihakikiwe kwa dinuda kabla ya kutangazwa. Mashine ya dioksidi ya nitrojeni yenye kigeuzi cha molibdenamu hugeuza pia asidi ya nitriki na kuihesabu, na hilo huonekana zaidi alasiri.

Vihisi vidogo vya kielektrokemikali huruka unyevunyevu unapobadilika ghafla, kama mvua ya masika inapoanza. Viache karibu na mashine rejea, yaani mashine iliyohakikiwa ambayo vingine hulinganishwa nayo, kwa wiki kadhaa, katika majira ya mvua na ya kiangazi pia, kabla ya kuviamini, na usivitumie peke yake kutangaza kwamba kiwango kimevukwa.

Wakati wa kusimama na kumwita mtaalamu

Usifungue sehemu ya taa ya urujuanimno, usambazaji wa umeme wa volti kubwa, wala kigeuzi cha joto kali cha mashine ya amonia. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa mashine hiyo, naye aifanye baada ya umeme kuzimwa na kigeuzi kupoa. Usibadilishe kidhibiti cha mtungi wa gesi rejea (gesi yenye kiwango kinachojulikana, inayotumika kuhakiki mashine) bila mafunzo, na usihamishe mtungi ambao vali yake haina kofia. Ikiwa umeshasafisha bomba, umebadilisha kichujio na kukagua uvujaji, lakini mashine bado inatofautiana na gesi rejea kwa zaidi ya asilimia 10, usirekebishe namba kwa mkono. Isimamishe hadi ikaguliwe.

Harufu kali inayochoma macho karibu na chumba cha baridi cha samaki, kiwanda cha barafu au ghala la kemikali si suala la kulinganisha njia za upimaji. Amonia ikifika sehemu 300 kwa milioni, na dioksidi ya salfa ikifika 100, huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na vifaa vilivyoelezwa hapa havikuundwa kwa viwango hivyo. Acha vifaa, ondoka ukielekea upande unakotoka upepo, waondoe wenzako, na upige simu Zimamoto kwa namba 114.

Mtaalamu akifika kwa tatizo la kawaida, mkabidhi daftari la mtiririko wa kabla na baada, saa za umeme kukatika, matokeo ya sampuli tupu, namba za mirija na vichujio pamoja na tarehe vilipopakwa, na majibu ya njia zote mbili yakiwa bado hayajafanyiwa wastani.